Pazia la Herufi Tatu

Kwenye mipangilio ya kivinjari, ukishuka taratibu kupita lugha, kupita nywila, kupita historia ya kurasa ulizotembelea, unafika sehemu ya faragha, na humo kwa miaka mingi imekaa swichi moja ndogo. Jina lake ni Do Not Track, na kazi yake, kama ilivyoelezwa, ni kuziomba tovuti zisimfuatilie mwenye simu. Ukiigusa inateleza upande wa pili na kuwaka rangi. Moyo unatulia. Mtu anarudi kusoma habari zake, kutafuta dawa ya ugonjwa asiotaka jirani aujue, kuulizia nauli ya basi, akiamini kwamba ameshasema neno lake na neno limepokelewa. Lakini soma maelezo ya msaada ambayo Google imeyaandika kuhusu swichi hiyo ndani ya Chrome. Yanasema bila kificho kwamba tovuti na huduma nyingi, zikiwemo za Google yenyewe, hazibadilishi mwenendo wao zinapopokea ombi hilo. Swichi ipo, jina lake lipo, maelezo yake yapo, na maelezo hayohayo yanakiri kwamba haileti kile inachotajwa kuleta. Nimeyasoma mara nyingi na bado sijayazoea.

Inafaa kulitazama jambo hili kwa karibu, maana ukubwa wake umejificha kwenye udogo wake. Mtu aliyeko Mombasa anapogusa kichwa cha habari, kabla hata picha ya kwanza haijatokea, kivinjari chake huwa kimeshatuma mistari michache ya maandishi. Mmoja unataja ukurasa unaotakiwa. Mwingine unataja jina la tovuti. Mwingine unajitambulisha: kivinjari gani, toleo gani, simu ya mfumo gani. Mwingine unasema lugha anayoipenda msomaji, na kama amechagua Kiswahili zinaandikwa herufi mbili, sw. Kisha, ikiwa swichi imewashwa, unakuja mstari mfupi kuliko yote: DNT, nukta mbili, moja. Basi. Herufi tatu na tarakimu moja. Ukurasa unapofunguka huwa umebeba vipande vya makampuni mengine, ya matangazo, ya kuhesabu wasomaji, ya vitufe vya mitandao ya kijamii. Kila kipande kinaita seva yake, na mstari uleule unakwenda nacho. Kila aliyeko upande wa pili ameambiwa. Hata programu iliyomo ndani ya ukurasa inaweza kuuliza, kwa JavaScript, ikitaja sifa iitwayo navigator.doNotTrack, nayo itajibiwa kweli tupu: 1 kama mtu hataki kufuatiliwa, 0 kama ameridhia, null kama hajasema lolote. Sifa hiyo ina ukurasa wake kwenye nyaraka za watengeneza tovuti, pamoja na kumbukumbu za tofauti ndogondogo, kwamba Firefox za zamani zilijibu yes, kwamba Internet Explorer iliipa jina lake, msDoNotTrack. Yote yameandikwa kwa uangalifu wa watu waliojali.

Hapo ndipo ugumu unapoanza kuonekana. Hakuna kilichoharibika. Swichi inageuka, mstari unatoka, seva inaupokea, sifa inajibu. Fundi akiletewa malalamiko atapima kila kiungo na kukikuta kizima. Kinachokosekana ni kimoja tu, nacho hakimo ndani ya kompyuta: mtu wa upande wa pili anayejiona amefungwa na alichoambiwa.

Waliobuni jambo hili walikuwa na nia njema, na ni haki yao tuliseme hilo. Mwaka 2009 Christopher Soghoian na Sid Stamm walitengeneza kielelezo cha kwanza kwa ajili ya Firefox. Marekani ilikuwa tayari na orodha ya kitaifa ya namba za simu zisizotakiwa kupigiwa na wauzaji, iliyofunguliwa mwaka 2003, na wananchi waliipenda. Wazo la kuwa na kitu kama hicho kwa ajili ya mtandao lilieleweka mara moja. Desemba 2010 Tume ya Biashara ya Shirikisho ikaliunga mkono. Mwaka 2011 Mozilla ikaiweka swichi ndani ya Firefox 4, na W3C, shirika linalosimamia viwango vya wavuti, likaunda kundi la kazi ili watetezi wa faragha, watengeneza vivinjari na wafanyabiashara wa matangazo wakae meza moja. Februari 2012, Ikulu ya Marekani ilipotangaza mpango wake wa haki za faragha, muungano mkubwa wa makampuni ya matangazo uliahidi hadharani kuiheshimu ishara hiyo. Ahadi ni deni. Waliodai deni hili walikuwa watu wasiojuana, waliotawanyika duniani kote, kila mmoja na simu yake mkononi.

Mtu anaweza kuuliza: waliwezaje kuamini kwamba mstari usio na kufuli wala fimbo ungemzuia yeyote? Mimi huwajibu kwa pazia. Katika mitaa ya Lamu na ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, mchana mlango wa nyumba huweza kuachwa wazi, na kinachobaki kati ya njia na familia ni kitambaa kinachoning'inia. Pazia halina komeo. Upepo unaliinua, paka anapita chini yake. Hata hivyo mtu mzima, awe na nguvu kiasi gani, husimama nje na kupiga hodi. Hodi ya tatu isipoitikiwa, huenda zake. Nguvu ya pazia haimo kwenye kitambaa. Imo kwa anayesimama mbele yake, katika malezi yake na haya yake, na katika kujua kwamba akipita bila hodi mtaa mzima utapata habari na kesho hatakaribishwa popote. Alama dhaifu inaweza kulinda nyumba kwa karne nyingi, mradi wote wanaoiona wanaishi chini ya adabu moja. Herufi tatu za DNT zilikuwa pazia la namna hiyo, na waliolitundika hawakuwa wajinga. Walidhani wanaishi mtaa mmoja na waliokuwa wakipita.

Tena walikuwa na sababu ya kudhani hivyo, kwa kuwa mtandao wenyewe umejengwa juu ya makubaliano yasiyo na nguvu. Mwaka 1994 Martijn Koster alipendekeza kwamba mwenye tovuti aweke faili fupi la maandishi, robots.txt, linaloziambia programu zinazozunguka kukusanya kurasa ni wapi zisiingie. Faili hilo halizuii chochote. Programu ikitaka kupita, inapita. Lakini kwa miongo mingi injini kubwa za utafutaji zililisoma na kulitii, kiasi kwamba mwaka 2022 lilifanywa kuwa kiwango rasmi, RFC 9309. Siku hizi malalamiko yameongezeka kwamba wanaokusanya maandishi ya kufundishia akili mnemba wanalipuuza, na wenye tovuti wamepiga kelele. Kelele zao zimesikika hadi mahakamani. Sasa viweke viwili hivi pamoja. Faili la robots.txt ni maneno tu. Mstari wa DNT ni maneno tu. La kwanza linasemwa na mwenye tovuti, akiiambia kampuni ya utafutaji. La pili linasemwa na msomaji, akimwambia mwenye tovuti. La kwanza limeheshimiwa karibu miaka 30 bila sheria kulisukuma, kwa kuwa injini ya utafutaji inamhitaji mwenye tovuti, na mwenye tovuti anaihitaji injini, na mmoja akimvunjia mwenzake heshima anajua atakapoumia. La pili halikudumu hata miaka 5 kabla ya kutupwa. Udhaifu wa alama ni uleule. Aliyebadilika ni anayeitoa. Dua la kuku halimpati mwewe, si kwa sababu kuku amekosea maneno ya dua.

Namna neno hilo la pili lilivyotupwa inastahili kukumbukwa, maana kila aliyelitupa alikuwa na hoja. Mwaka 2012 Microsoft ilitangaza kwamba Internet Explorer 10 ingewasha swichi hiyo yenyewe. Wafanyabiashara wa matangazo wakasema: hilo si neno la mtu, ni neno la Microsoft, nasi hatutalisikiliza. Roy Fielding, mmoja wa waandishi wa kanuni za HTTP na mmoja wa waliokuwa wakiiandika hati ya kiwango hiki, aliweka kwenye seva ya Apache maelekezo ya kuufuta mstari wa DNT kila unapotoka kwenye kivinjari hicho. Hoja yake ilikuwa nzito: ishara inayotolewa bila mtu kuichagua haiwezi kudai kuwa ni hiari yake. Lakini tafakari upande wa pili wa sarafu hiyohiyo. Mtu ambaye hajawahi kugusa mipangilio, ambaye hajui hata kama ipo, alihesabiwa kuwa ameridhia kufuatiliwa. Ukimya wake ulikuwa ruhusa ukielekea upande wa faida, na ukawa si kitu ulipoelekea upande wake. Ndani ya kundi la W3C mabishano yaliendelea juu ya maana ya kufuatilia, juu ya nani ni mgeni na nani ni mwenyeji, hadi mwaka 2013 Jonathan Mayer wa Stanford, mmoja wa watetezi wakubwa wa wazo hili, akajitoa, na miezi michache baadaye muungano wa matangazo nao ukajitoa. Mwaka 2014 Yahoo ikasema haitaiheshimu tena ishara hiyo. Mwaka 2017 Twitter ikaiacha. Januari 2019 kundi likafungwa rasmi, hati yao ikabaki kama kumbukumbu, haikupata kuwa kiwango.

Na swichi? Swichi ilibaki pale pale kwenye simu.

Kuna jambo hapa linaloniuma kuliko kuvunjwa kwa ahadi. Mwaka 2010 shirika la Electronic Frontier Foundation lilipima vivinjari zaidi ya 470,000 kuona kama kila kimoja kinaweza kutambuliwa kwa tabia zake tu, bila jina wala kuki: toleo lake, fonti zake, ukubwa wa kioo, saa za eneo, lugha. Asilimia 83.6 vilikuwa na mchanganyiko wa pekee, usiofanana na kingine chochote kwenye kipimo hicho. Kadiri mtu anavyotofautiana na wengi ndivyo anavyojulikana upesi. Msomaji aliyechagua Kiswahili kama lugha ya kivinjari ameshatoka kwenye kundi kubwa na kuingia kundi dogo. Akiongeza DNT, nukta mbili, moja, analipunguza kundi lake tena. Ombi la kutofuatiliwa likawa mojawapo ya alama za kumfuatilia mwombaji. Apple ililiona hili, ikaiondoa swichi kwenye Safari 12.1 mwaka 2019, ikieleza kwamba inaweza kutumika kama alama ya kumtambua mtu. Mozilla, iliyokuwa ya kwanza kuiingiza kwenye kivinjari chake, iliiondoa kwenye Firefox 135 mwanzoni mwa 2025, kwa sababu tovuti nyingi haziiheshimu na mahali pengine inapunguza faragha badala ya kuiongeza. Pazia limegeuka kuwa bendera. Anayepita nje hahitaji tena kuchungulia. Anaona tu kwamba nyumba hii, tofauti na nyingine, ina kitu inachokificha.

Nadhani ndiyo maana jambo dogo namna hii haliniachii. Kitufe ni sehemu ambapo utashi wa mtu unakutana na mashine. Hatuna njia nyingine. Hatuwezi kuingia ndani ya seva iliyoko Virginia au Ireland tukamshika mkono anayehesabu kurasa zetu. Tumepewa kidole na kioo, na juu ya kioo tumepewa maneno. Tukigusa neno, tunaamini kwamba mahali fulani jambo limegeuka. Kama hakuna kitufe, mtu anajua hana ulinzi, naye huchukua hadhari zake: hufunga mdomo, hutumia kivinjari kingine, huacha kabisa kutafuta alichotaka kutafuta. Akipewa kitufe kisichofanya kazi, hadhari ile inalala. Amenyang'anywa ulinzi, na hofu ambayo ingemfundisha kujilinda imelala pia. Mwaka 2018 shirika la habari la AP lilionyesha kwamba watu waliozima historia ya mahali kwenye akaunti zao za Google waliendelea kurekodiwa mahali walipo kupitia mpangilio mwingine, wenye jina lisilotaja mahali kabisa. Novemba 2022 kampuni hiyo ilikubali kulipa majimbo 40 ya Marekani dola milioni 391.5. Fedha ni nyingi, lakini hazimrudishii mtu ile miaka aliyotembea akidhani yuko peke yake. Maji yakimwagika hayazoleki.

Wapo wanaosema kosa ni la mtumiaji, kwamba asome masharti, kwamba maelezo yapo wazi. Kweli yapo. California ilipitisha sheria mwaka 2013 kuzitaka tovuti zieleze zinaijibu vipi ishara ya kutofuatiliwa, na tangu hapo sera za faragha zimejaa sentensi moja fupi: kwa sasa hatujibu ishara hizo. Sheria ilidai uwazi, ikapata uwazi. Mimi sikubali kwamba uwazi wa namna hii unatosha. Kumwambia mtu, kwenye ukurasa asioufikia, kwamba neno lake limepuuzwa, si sawa na kulisikiliza.

Ila hadithi haikuishia hapo, na kilichofuata ndicho kinachonipa tumaini. Mwaka 2020 ilizaliwa ishara nyingine, Global Privacy Control. Ukiitazama kwa karibu utashangaa ilivyo ndugu wa ile ya kwanza: mstari mmoja, Sec-GPC, nukta mbili, moja. Haina kufuli zaidi. Haina fimbo ndani yake. Navyo vivinjari kadhaa vimeibeba, Firefox na Brave miongoni mwavyo. Tofauti ni kwamba safari hii sheria ya California ya faragha ya wateja ilisimama nyuma yake, ikisema kwamba mstari huo ni kauli halali ya mtu kukataa taarifa zake kuuzwa. Agosti 2022 mwanasheria mkuu wa jimbo hilo, Rob Bonta, alitangaza kwamba Sephora, wauzaji wa vipodozi, wamekubali kulipa dola milioni 1.2, na mojawapo ya makosa waliyoshtakiwa nayo ni kutoisikiliza ishara hiyo. Tarakimu ileile moja, ambayo kwa miaka 10 ilikuwa ikipita seva bila kugeuziwa shingo, ghafla ikawa na uzito wa mamilioni. Mwaka 2025 jimbo hilo likapitisha sheria nyingine inayovitaka vivinjari viweke swichi ya namna hiyo kuanzia Januari 2027.

Hata DNT yenyewe, iliyokwisha kuzikwa, iliamkia mahali pasipotarajiwa. Agosti 2023 Mahakama ya Mkoa ya Berlin, katika kesi iliyofunguliwa na muungano wa mashirika ya watumiaji wa Ujerumani dhidi ya LinkedIn, iliamua kwamba kampuni hiyo haikuwa na haki ya kuwatangazia watu kwamba haijibu ishara za DNT, kwa sababu chini ya sheria ya Ulaya mtu anaweza kutoa pingamizi lake kwa njia ya kompyuta, na ishara hiyo inaweza kuwa pingamizi halali. Tazama: hakuna aliyeandika upya hata herufi moja ya programu. Mstari ni uleule wa zamani. Mtu alisimama upande wa pili akasema, huyu amesema hapana, na hapana yake inahesabika.

Nasi huku tunazo sheria. Kenya na Uganda zilipata zao mwaka 2019, Rwanda 2021, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania, iliyopitishwa 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kila moja kwa namna yake inampa mwananchi haki ya kupinga taarifa zake zinapotumiwa kumtangazia biashara. Lakini haki hiyo, kama inavyotumika leo, inamtaka mtu aandike, atafute anwani, asubiri, alalamike, kampuni moja baada ya nyingine, na kampuni zilizomo ndani ya ukurasa mmoja wa habari hazijui hata kwa majina. Nani ataweza? Mama muuza samaki wa Bagamoyo anayesoma habari kwenye simu ya mkononi hana muda wa barua. Anacho kidole, na kivinjari chake kinaweza kulisema neno lake kwa kila mlango anaopita bila yeye kutoka jasho.

Kwa hiyo naiomba Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania, na Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ya Kenya, na wenzao wa Kampala na Kigali, watoe mwongozo mfupi, hata wa ukurasa mmoja, wakitamka kwamba ishara inayotumwa na kivinjari cha mtu kukataa kufuatiliwa ni pingamizi halali mbele ya sheria zetu, na kwamba anayeipokea na kuipuuza atawajibika. Na nyinyi mnaotengeneza tovuti na programu hapa nyumbani, msingoje mwongozo huo. Mstari unafika kwenye seva zenu kila siku. Usomeni, na muutii.